Kosa dogo la jinai na bunduki nchini Marekani: mwongozo kwa familia za Dar es Salaam zenye ndugu walioko huko

Swali hili huja kwa simu, mara nyingi usiku wa manane kwa sababu ya tofauti ya saa. Kijana aliyekulia Magomeni au Temeke, ambaye sasa anaishi Houston au Philadelphia na ana kadi ya ukaazi wa kudumu, amepata kazi ya ulinzi inayomtaka abebe bastola. Anakumbuka kwamba miaka michache nyuma aligombana na mwenzi wake, polisi wakaitwa, akafikishwa mahakamani, akakiri kosa, akalipa faini na kurudi nyumbani jioni ile ile. Anawauliza wakubwa wake wa Dar es Salaam kama jambo hilo linaweza kumzuia, nao kwa nia njema kabisa humjibu kwamba lilikuwa kosa dogo na limekwisha. Naandika mwongozo huu kwa sababu jibu hilo, pamoja na upendo wote ulio ndani yake, linaweza kumpeleka mtu gerezani, na baada ya gereza likamrudisha uwanja wa ndege wa Julius Nyerere bila watoto wake.

Mwongozo huu hauchukui nafasi ya wakili wa jimbo analoishi ndugu yako. Kazi yake ni kumwezesha yeye, na wewe unayemshauri ukiwa huku, kujua maswali ya kuuliza na nyaraka za kutafuta kabla mtu hajagusa silaha.

Anza na adhabu ya juu kabisa, si adhabu iliyotolewa

Sisi tumezoea kulipima kosa kwa adhabu aliyopewa mtu. Aliyetozwa faini, kwa maoni yetu, kosa lake lilikuwa dogo kuliko la yule aliyefungwa. Hata hivyo, sheria zetu zenyewe hazihesabu hivyo, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hulitambua kosa kubwa, pale ambapo sheria haikulitaja moja kwa moja, kwa kuangalia iwapo linaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, hata kama hakimu aliona inatosha kutoa onyo.

Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inafuata njia hiyo hiyo, ila mstari wake umechorwa chini zaidi. Inamkataza kumiliki silaha ya moto au risasi mtu yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo kinachozidi mwaka mmoja. Kosa ambalo sheria ya jimbo inaliita dogo huondolewa katika katazo hilo endapo kifungo chake cha juu hakizidi miaka miwili. Maana yake ni kwamba lipo kundi la makosa yanayoitwa madogo katika vitabu vya jimbo lakini yanahesabiwa kama makubwa linapokuja suala la bunduki. Pennsylvania ni mfano ulio wazi, kwa sababu kosa dogo la daraja la kwanza katika jimbo hilo linaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka mitano. Aliyetiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo, hata kama hakulala mahabusu usiku mmoja, ameingia katika katazo la shirikisho, yaani la nchi nzima.

Ni kweli kwamba mwezi Desemba 2024 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Philadelphia ilimpa ushindi mtu aliyekuwa ametiwa hatiani mwaka 1995 kwa kosa dogo la kutoa maelezo ya uongo ili apate msaada wa chakula, ikasema kwamba kumnyima bunduki kwa sababu hiyo kunakiuka Katiba. Lakini uamuzi huo ulimhusu yeye na mazingira yake. Usimruhusu ndugu yako aende dukani kwa kutegemea kesi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupata nakala ya hukumu iliyothibitishwa na karani wa mahakama ya kaunti ambako kesi ilisikilizwa, kusoma jina kamili la kosa na namba ya kifungu, kisha kumwuliza wakili swali moja: hakimu angeweza kumfunga mtu huyu kwa muda gani kwa kosa hili? Kumbukumbu ya mtu mwenyewe haitoshi. Wengi husema walishtakiwa kwa fujo, kumbe karatasi inasema shambulio.

Kisha uliza ni nani aliyeumizwa

Hapa ndipo watu wetu wengi wanaponaswa, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha nyongeza ya sheria iliyopendekezwa na Seneta Frank Lautenberg wa New Jersey, inayomkataza kumiliki bunduki au risasi mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani. Kwa kosa la aina hii urefu wa kifungo hauna uzito. Linaweza kuwa kosa la miezi sita, na hata kosa la faini peke yake linaweza kuhesabiwa. Kinachoangaliwa ni mambo mawili: kama kosa lenyewe lilihusisha matumizi ya nguvu ya mwili, au jaribio la kuitumia, au kutishia kwa silaha ya kuua, na kama aliyetendewa alikuwa mke au mume, wa sasa au wa zamani, mtoto wa mkosaji, mtu aliyezaa naye, au mtu anayeishi naye kama mwenzi wa ndoa. Tangu Juni 2022 wameongezwa pia wapenzi wasioishi pamoja.

Sheria hii haina jina la kosa inalolitafuta. Hati ya mashtaka inaweza kusema shambulio la kawaida bila kutaja ndoa wala familia, na bado ikahesabiwa, kwa sababu Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2009 kwamba uhusiano wa wahusika hauna lazima ya kuandikwa kama sehemu ya kosa, mradi uthibitishwe baadaye kwamba ulikuwapo. Mwaka 2014 mahakama hiyo ikasema kwamba nguvu inayotajwa si lazima iwe ya kujeruhi, hata kumsukuma mtu au kumgusa kwa namna ya kumuudhi kunatosha. Mwaka 2016 ikaongeza kwamba hata aliyetenda kwa uzembe wa kutojali, bila kukusudia kuumiza, anaingia. Katazo linawahusu pia waliotiwa hatiani kabla ya mwaka 1996, na halimsamehe askari polisi wala mwanajeshi akiwa kazini, sembuse mlinzi wa duka la vipuri.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya malezi yetu. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam kofi la mume kwa mke huitwa ugomvi wa ndani, wazee huketi, mmoja akaombwa radhi na maneno yakaisha. Hata hapa kwetu desturi hiyo haina mahali pa kusimama kisheria, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa. Kijana anayeondoka na fikra kwamba jambo la chumbani hubaki chumbani hufika mahali ambapo mwendesha mashtaka anaweza kuendelea na kesi hata mke akisema amesamehe, na ambapo neno moja la kukiri, alilolisema ili arudi kazini kesho yake, linamwondolea haki ya kuwa na silaha kwa maisha yake yote. Mke aliyepigwa naye ana haki ya kuishi bila kuogopa bastola iliyo kabatini, na sheria iliandikwa kwa ajili yake. Tunapowashauri vijana wetu tusimsahau.

Kwa wapenzi wasioishi pamoja kuna nafuu moja: aliye na kosa moja tu la aina hiyo, akikaa miaka mitano tangu amalize adhabu bila kutiwa hatiani kwa kosa jingine la ukatili, katazo hilo la shirikisho humwondokea. Kwa wanandoa, waliozaa pamoja na wanaoishi pamoja nafuu hiyo haipo.

Hukumu ya zamani haihesabiwi katika katazo hili endapo mshtakiwa hakuwa na wakili na hakuwa ameiacha haki hiyo kwa hiari na kwa kuelewa. Ni hivyo hivyo kama alikuwa na haki ya kusikilizwa na baraza la wananchi wa kuamua kesi na hakuiacha kwa hiari. Wakili apekue jalada lote kwa jicho hilo, kwa sababu mtu aliyesimama mbele ya hakimu bila mkalimani na kuitikia kila alichoulizwa anaweza kuwa na hoja.

Usichanganye hukumu na amri ya zuio. Mtu ambaye hajatiwa hatiani kwa lolote, lakini mahakama imemwekea amri ya kutomsogelea mwenzi wake baada ya kumpa taarifa na nafasi ya kusikilizwa, naye anaweza kukatazwa kuwa na silaha kwa muda wote ambao amri ipo. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ililinda katazo hilo kwa kura 8 dhidi ya 1.

Sheria ya jimbo huja juu ya ile ya shirikisho

Mtu akivuka vikwazo vya shirikisho bado hajamaliza. California humkataza kwa miaka 10 aliyetiwa hatiani kwa makosa madogo kadhaa yaliyoorodheshwa, yakiwamo ya shambulio na vitisho. Texas ina katazo lake la miaka mitano baada ya kuachiwa kwa aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo la daraja A la kumshambulia mtu wa familia. Usidhani kwamba miaka mitano ya Texas ikiisha mambo yamekwisha, kwa sababu katazo la shirikisho linabaki pale pale. Nimemsikia mtu akihesabu miaka kwa vidole na kutangaza kwamba mwezi ujao yuko huru, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kuna sheria mbili.

Kama kesi bado haijaisha

Huu ndio wakati ambao ushauri unafaa kuliko wakati mwingine wowote. Kabla ya kukiri, mshtakiwa amwambie wakili wake mambo mawili kwa sauti inayosikika: kwamba si raia, na kwamba kazi yake au nyumba yake ina silaha. Tangu mwaka 2010 Mahakama ya Juu inamtaka wakili wa jinai amweleze mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha nchini.

Zipo kesi ambazo mahakama huahirisha tamko la hatia, mshtakiwa akakaa chini ya uangalizi kwa muda, na akimaliza vizuri kesi hufungwa. Texas hutumia sana utaratibu huo. Kwa sheria ya bunduki, mahakama huangalia sheria ya jimbo ili kujua kama mtu ana hatia, hivyo utaratibu huo ukikamilika kwa kawaida hauhesabiwi. Uhamiaji una kipimo chake: mtu aliyekiri na kupewa adhabu au masharti yoyote anahesabiwa ametiwa hatiani, hata kama jimbo linasema hana hatia. Karatasi moja inaweza kumwacha huru mbele ya duka la silaha na bado ikamfungulia kesi ya kuondoshwa nchini. Kwa sababu hiyo wakili wa jinai peke yake hatoshi. Anahitajika na wa uhamiaji, na ni vyema wazungumze wao kwa wao kabla ya tarehe ya kukiri.

Kinachotokea dukani

Anayenunua kwa muuzaji mwenye leseni hujaza Fomu 4473. Fomu hiyo inamwuliza kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo hakimu angeweza kumfunga zaidi ya mwaka mmoja, hata kama alipewa adhabu fupi, na inamwuliza kwa swali la peke yake kuhusu kosa dogo la ukatili wa nyumbani. Humwuliza pia uraia wake, na asiye raia huandika namba yake ya uhamiaji. Kisha jina lake hupelekwa katika mfumo wa uhakiki wa papo kwa papo unaoitwa NICS, unaoendeshwa na FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, tangu Novemba 1998 kufuatia sheria ya mwaka 1993 iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan aliyejeruhiwa kwa risasi mwaka 1981.

Majibu huwa matatu: endelea, subiri, au amekataliwa. Siku tatu za kazi zikipita bila jibu, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha, ingawa majimbo kadhaa hayaruhusu. Mtu asichukulie kukabidhiwa huko kuwa ni ruhusa. Ikigundulika baadaye kwamba alikuwa amekatazwa, maofisa watakuja kuichukua silaha, na yeye amekuwa akitenda kosa kila siku aliyokuwa nayo.

Kudanganya katika fomu ni kosa kubwa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 10, na kumiliki silaha ukiwa umekatazwa kuna kifungo cha hadi miaka 15 tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022. Tangu mwaka huo huo pia, FBI hutakiwa kuwaarifu polisi wa eneo ndani ya saa 24 mtu anapokataliwa. Kwa hiyo yule anayesema atajaribu tu aone kama jina lake litapita, anaomba kutembelewa. Asiye na hakika asijaze fomu.

Kumiliki hakuhitaji risiti. Bunduki ikiwa ya mke, ya mwenzake wa chumba au ya binamu aliyemwekea amana, na yeye anaijua na anaweza kuifikia, mahakama inaweza kusema anaimiliki. Risasi moja iliyosahaulika kwenye droo ya gari inatosha. Ndugu zetu wengi huko hushirikiana nyumba ili kupunguza kodi, basi aliyekatazwa awaulize wenzake waziwazi kama kuna silaha ndani. Ikiwapo, ihifadhiwe nje ya nyumba au kwenye sanduku la chuma ambalo yeye hana ufunguo wala namba zake.

Wanafunzi na wageni wenye viza ya muda wana katazo lao hata bila kosa lolote, isipokuwa kwa wachache kama wenye leseni halali ya uwindaji. Kesi moja iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2019 ilimhusu mwanafunzi kutoka Falme za Kiarabu aliyeondolewa chuoni Florida, kisha akaenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha na kufyatua bunduki. Matembezi hayo tu yalimfikisha mahakamani. Kijana wetu anayealikwa na wenzake wa chuo kwenda kulenga shabaha siku ya mapumziko akatae kwa adabu.

Hukumu aliyoipata huku nyumbani

Wazazi huniuliza kama kesi ya mahakama ya mwanzo ya Kariakoo au Buguruni inaweza kumfuata mtoto hadi Marekani. Kwa katazo la makosa yanayozidi mwaka mmoja, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2005, katika kesi ya mtu aliyekuwa amefungwa Japani, kwamba hukumu za mahakama za nchi za nje hazihesabiwi. Sheria ya kosa dogo la ukatili wa nyumbani nayo inataja sheria za Marekani pekee. Hata hivyo, jimbo linaweza kuwa na kanuni yake, na fomu za uhamiaji huuliza kuhusu kukamatwa na kutiwa hatiani popote duniani. Kuificha kesi ya Buguruni kwenye fomu ya uhamiaji ni kosa jipya, na mara nyingi ni zito kuliko lile la zamani.

Kurekebisha kumbukumbu

Mtu anaweza kuiomba FBI muhtasari wa kumbukumbu zake kwa dola 18, akiambatanisha alama za vidole, na ombi hilo linaweza kutumwa hata akiwa Dar es Salaam. Aombe huo kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa kumbukumbu nyingi huonyesha kukamatwa bila kuonyesha kwamba kesi ilifutwa. Aliyekataliwa dukani ana haki ya kuomba sababu na kukata rufaa kwa FBI akiwasilisha nyaraka za mahakama. Anayecheleweshwa kila mara dukani kwa sababu jina lake linafanana na la mtu mwingine, jambo la kawaida kwa wenye majina kama Juma au Mohamed, anaweza kuomba kuwekwa kwenye jalada la hiari na kupewa namba yake ya pekee.

Kwa aliyekatazwa kweli, njia za kurejeshewa haki ni msamaha wa gavana, kufutiwa hukumu na mahakama, au kurejeshewa haki za kiraia alizokuwa amenyang'anywa. Amri ya kufuta hukumu isomwe hadi mwisho, maana ikisema wazi kwamba mhusika bado haruhusiwi kuwa na silaha, katazo linabaki. Na kwa uhamiaji, hukumu iliyofutwa na jimbo kwa sababu tu mtu ametimiza masharti, kwa kawaida bado huhesabiwa kuwa ipo.

Familia iliyoko huku inaweza kusaidia kwa mambo yanayohitaji miguu: kufuata nakala ya hukumu ya mahakama ya Tanzania iliyothibitishwa, kuitafsiri kama imeandikwa kwa Kiswahili, kutafuta cheti cha polisi, na kuhifadhi nakala za kila karatasi aliyotumiwa ndugu yao. Na simu ya usiku ikilia, kabla ya kumjibu chochote, mwambie akusomee karatasi ya hukumu neno kwa neno, kuanzia namba ya kesi.